Bei ya mashua iliyotumika itajwe baada ya maji kupwa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita vijana sita wa kikundi kimoja cha uvuvi hapa Pangani walinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, wakaniomba niwasindikize kwenda kununua mashua. Walikuwa wamekwisha kutajiwa bei, shilingi milioni 8 pamoja na mashine, na walikuwa wamekwisha kuiona picha yake katika simu, ikielea, imepakwa rangi ya buluu na nyeupe inayong'aa. Mwenye kuiuza alikuwa akiwataka watangulize arubuni ya milioni 1 kabla ya Ijumaa, kwa kuwa, kama ilivyo ada ya wauzaji, alikuwa na mteja mwingine njiani. Niliwauliza swali moja tu: ni nani kati yenu aliyeuona mkuku wake, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo kizima? Hakuna aliyenijibu. Nikawaambia kwamba siku zile zilikuwa za maji mafu, yasiyokupwa sana, kwamba tungesubiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwamba huyo mteja mwingine, kama yupo kweli, wamwache anunue.

Naomba nafasi katika gazeti lako kwa sababu jambo hili nimeliona likirudiwa mara nyingi mno katika fukwe zetu. Watu huchangishana, hukopa katika vikoba, hupata mkopo wa halmashauri, kisha fedha yote wakaitoa kwa chombo walichokitazama kikiwa majini, kwa nusu saa, huku wakinyweshwa kahawa na mwenye kukiuza. Ninachokidai ni kwamba bei ya chombo cha mbao kilichotumika isitajwe, wala arubuni isitolewe, kabla chombo hicho hakijapwelewa mchangani, kikatiwa gadi, yaani nguzo za kukitegemeza, na kukaguliwa na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Na kwamba wanaovikopesha vikundi hivi waitake kwa maandishi taarifa ya fundi huyo kama wanavyovitaka vitambulisho na picha za pasipoti.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge. Mwaka 2013 mimi na ndugu zangu wawili tulinunua mashua ya futi 27 kutoka kijiji kimoja cha kaskazini mwa hapa, kwa shilingi milioni 5 zilizotokana na mirathi ya marehemu baba yetu. Tuliikagua ikiwa nangani. Tulipanda juu ya sitaha tukarukaruka kuijaribu, tukalitazama tanga, tukainamia ngama, pale chini maji yanapokusanyika, na kuiona kavu kabisa, tukafurahi kwelikweli kwa sababu ya ukavu huo. Hatukujua kwamba kijana mmoja alikuwa ameamshwa alfajiri kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, wala hatukujiuliza kwa nini nafasi zilizo kati ya mataruma, mbavu za chombo, zilikuwa zimejazwa saruji iliyosawazishwa vizuri kama sakafu ya nyumba. Tulidhani ni uzito wa kukituliza chombo.

Mwezi wa pili tulikuwa tukifua maji usiku na mchana kwa zamu, na upo wa kuchotea maji haukauki mkononi. Tulipoipandisha hatimaye, fundi mmoja mzee wa hapa mjini alitwambia tuivunje saruji ile kwa mtaimbo kabla hajasema neno lolote. Chini yake, katika ubao wa kwanza unaopakana na mkuku, alitia ncha ya bisibisi, nayo ikaingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa, kama inavyoingia katika muhogo ulioiva chunguni. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, mmenunua rangi." Mataruma sita na mbao nne zilibadilishwa, tukatumia milioni 2 na laki 3, na msimu mzima wa kaskazi ukapita chombo kikiwa juu ya magogo.

Tangu wakati huo nimejifunza kwa mafundi mambo ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuyafuata. La kwanza ni wakati. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu, na kwa bahati njema katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda na macho yanaona. Chombo kikiegeshwa kwenye mchanga maji yalipojaa alfajiri, mtu anazo saa kadhaa za kukizunguka, kulala chali chini ya ubavu wake na kukigusa kwa mkono. Siku za maji mafu jambo hilo haliwezekani, na muuzaji anayesisitiza kwamba wateja waje siku hizo, huenda hana nia mbaya, lakini ni haki kumshuku.

Kabla hajakikaribia chombo, fundi mwema husimama mbali, hatua thelathini au arobaini, akautazama mstari wa juu wa ubavu kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Mstari huo unapaswa kwenda kwa mpindo mmoja laini, ukishuka katikati na kupanda kwenye ncha zote mbili. Ukiuona umenyooka, au omo na shetri ya nyuma zimelegea kushuka chini huku tumbo limepanda, basi chombo kimevunjika mgongo: kimebebeshwa mawe, mchanga au magogo kupita kiasi kwa miaka mingi, na mkuku wake haurudi tena kwa kalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, wala kwa misumari. Hapo sioni sababu ya kuendelea. Lakini mchanga usio sawa nao huweza kudanganya, ndiyo maana gadi zitiwe kwanza na uzi wa mwashi uvutwe kando ya mkuku, kutoka hanamu, mti wa mbele, hadi fashini, mti wa nyuma, ili jicho lisihukumu peke yake.

Kisha huja kazi ya kugonga na kuchoma, na hapa ndipo ningependa wasomaji wako wakae kidogo, kwa kuwa mbao za chombo zina maadui wawili wanaokaa mahali tofauti, na wengi wetu tunawatafuta wote mahali pamoja. Chini ya maji yumo mdudu anayetoboa mbao, ambaye wataalamu humweka katika jamii moja na chaza na kombe, kwani kichwani amebeba magamba mawili madogo ya kutobolea. Huingia angali mdogo sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani kwa ndani akifuata nyuzi za mti, na njia yake huikandika chokaa nyeupe. Kwa hiyo ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ndiyo sababu wazee wetu walipandisha vyombo mara kwa mara na kuviunguza tumboni kwa moto wa makuti, kisha wakavipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, na sehemu za juu wakazipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Mnunuzi amwulize muuzaji mara ya mwisho chombo kiliunguzwa lini, na amwulize pia baharia wake, kando, kwa sababu majibu ya wawili hao si lazima yafanane. Sisi wa Pangani tuna neema moja ambayo wengi hatuihesabu, nayo ni mto. Mdudu huyu hastahimili maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa muda mrefu, na chombo kilicholala miaka mingi mtoni kina nafuu chini kuliko kilicholala katika ghuba ya maji ya chumvi.

Adui wa pili ni kuoza, nako huanzia juu. Maji ya chumvi huuhifadhi mti, lakini maji ya mvua huuozesha. Chombo kilichoachwa bila kufunikwa masika mawili au matatu huoza kwenye maungio ya sitaha, kwenye kona za shetri, kwenye vichwa vya mataruma na zaidi ya yote pale mlingoti unaposimama, kwenye mwashiri, ambapo maji huteremka na mti na kutuama. Hapo patiwe ncha ya kisu. Panapolainika, au panapotoa unga mweusi, ndipo pa kuhesabia gharama, na ikiwa ni mguu wa mlingoti wenyewe, basi siku upepo wa kusi utakapovuma kwa nguvu ndipo mtakapojua.

Kugonga nako ni elimu. Fundi hupita na kisogo cha tezo au nyundo ndogo, ubao baada ya ubao, akisikiliza: mbao nzima hulia kwa sauti kali, mbao iliyooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Nimesikia kwamba huko Uingereza na Marekani mtu anayenunua mashua ya matanga ya kutembelea humwajiri mkaguzi wake mwenyewe, chombo kikanyanyuliwa kwa mikanda nje ya maji, naye mkaguzi akapita akigonga na nyundo vivyo hivyo, kisha akaandika taarifa yenye hali ya chombo na thamani yake, ambayo kampuni ya bima huitaka kabla ya kukubali kukikatia bima. Nyundo ile ile ya mafundi wetu! Tofauti ni kwamba yao huishia kwenye karatasi na yetu huishia kwenye maongezi.

Misumari isisahauliwe. Michirizi ya kutu inayotiririka kwenye ubavu kama machozi inaonyesha kwamba ilitumika misumari ya kawaida, isiyopakwa zinki, na msumari ukila kutu huvimba, ukaupasua ubao pembeni mwake, kisha ukawa mwembamba kama sindano na kuacha kushika. Kibaya ni kwamba rangi mpya huifunika michirizi hiyo yote. Kwa hiyo rangi iliyopakwa wiki moja kabla ya mauzo mimi huihesabu kuwa kasoro, na huomba, kwa idhini ya mwenye chombo, kukwangua mahali patatu: hanamu inapokutana na mkuku, ubao wa kwanza wa chini, na chini ya shetri. Anayekataa kukwanguliwa ubao upana wa kiganja amekwisha kukujibu. Vipande vya bati vilivyopigiliwa chini na kujazwa lami navyo vibanduliwe, na saruji ndani ya ngama, nimekwisha kueleza ilivyotufanyia.

Lakini mnunuzi asiwe mwoga kupita kiasi. Chombo kilichokaa juani siku kumi hufunguka maungio, na kikishuliwa huvuja siku ya kwanza na ya pili mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Hilo ni jambo la kawaida wala si ubovu. Kipimo cha haki ni kukiacha majini usiku wa tatu bila mtu kugusa upo, kisha asubuhi kuzihesabu ndoo. Vilevile umri peke yake hauniambii kitu. Mashua ya mvule au mtondoo yenye miaka 15, iliyounguzwa na kutiwa kalafati kwa wakati, naipenda kuliko ya mwembe yenye miaka 4 iliyotelekezwa. Mbao ya mwembe hupatikana kwa urahisi na fundi stadi huitengeneza ikapendeza, ila haina maisha marefu, na hakuna sababu ya kuilipia bei ya mvule.

Kuhusu tanga sitasema mengi. Liinuliwe dhidi ya jua, likunjwe, livutwe kwa vidole viwili karibu na mishono. Kitambaa kilichochomwa na jua huchanika kwa vidole. Foromali, mti unaobeba tanga, itazamwe mahali miti yake ilipounganishwa kwa kamba. Mashine ni bidhaa nyingine, inahitaji fundi mwingine, na angalau mafuta ya gia yafunguliwe, kwani yakitoka meupe kama maziwa ujue maji yamekwisha kuingia. Kwa boti za faiba, ambazo sasa zinaongezeka, mafundi wa mbao hawatoshi, ingawa malengelenge chini ya mstari wa maji na sauti butu ya kugonga humwambia hata asiyekuwa fundi kwamba maji yameingia ndani ya ukuta.

Karatasi nazo zina ubovu wake. Namba iliyoandikwa omoni ilinganishwe na cheti na leseni, na jina la mwenye cheti lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza. Vyombo vingi vya pwani ni mali ya urithi, na anayeuza huwa ni mmoja tu wa warithi. Vingine vimekwisha kuwekwa dhamana kwa tajiri wa samaki aliyetoa fedha za nyavu, naye hujitokeza wiki moja baada ya mauzo.

Nije kwenye thamani, ambayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Vijana wale niliowataja tulikwenda nao siku ya bamvua, pamoja na fundi tuliyemlipa sisi wenyewe elfu 50 na nauli. Tuliikuta mashua ya futi 26, imara kuliko nilivyotarajia, lakini mataruma matatu ya upande wa tezi yalikuwa yameliwa na ubao mmoja wa chini ulikuwa umetobolewa. Badala ya kubishana juu ya milioni 8, fundi aliigawa. Alianza kwa kuuliza: leo hii, kwa mbao za aina hii na urefu huu, mimi ningeijenga kwa kiasi gani? Akakadiria milioni 7, mbao, misumari, pamba na ufundi. Akasema kwamba ikishatengenezwa itakuwa imebakiwa na nusu ya maisha yake, basi mwili wake una thamani ya milioni 3 na nusu, na nusu hiyo ni baada ya matengenezo. Tanga, kamba na nanga alivipa laki 4. Mashine ya nguvu za farasi 15, kwa mujibu wa fundi mashine, ilistahili milioni 2 na laki 4. Jumla ikawa milioni 6 na laki 3. Kutoka hapo tukatoa milioni 1 na laki 1 za mataruma, ubao, kalafati na gharama ya kukipandisha chombo. Ikabaki milioni 5 na laki 2, na siku ambazo chombo kingekaa juu bila kuvua hatukuzihesabu hata kidogo, ingawa tulikuwa na haki ya kuzihesabu.

Muuzaji aliposomewa hesabu hiyo alikasirika kwanza, kisha akateremka hadi 7, kisha 6 na nusu, akitaja kila mara rangi na mashine. Sikumlaumu. Yeye naye aliinunua kwa namna hiyo hiyo, na hakuna aliyemkagulia. Na huo ndio ubaya wa soko letu: bei hufuata kile mtu alichokilipa zamani na kile anachokihitaji leo, na ubovu hurithishwa kutoka kwa mnunuzi mmoja hadi mwingine, umefunikwa kwa koti jingine la rangi, mpaka siku chombo kitakapofunguka na watu wamo.

Wapo watakaosema kwamba mamlaka zipo, TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kwa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na kwamba ukaguzi wa vyombo ni kazi yao. Ni kweli, lakini ukaguzi wa usalama hutafuta kama chombo kinafaa kwenda baharini. Haumwambii mnunuzi kama kinastahili milioni 8 au 5. Hilo ni jukumu la mwenye fedha. Na kwa kuwa mwenye fedha mara nyingi ni kikundi kilichokopeshwa, namwomba kila anayekopesha, iwe halmashauri, benki au chama cha akiba na mikopo, aongeze sharti dogo: ukurasa mmoja wa fundi asiye ndugu wala mshirika wa muuzaji, wenye tarehe ya bamvua aliyokagua, ubovu aliouona, na hesabu iliyogawanywa ya mwili, tanga, mashine na matengenezo. Ukurasa huo uambatishwe kwenye hati ya mauziano inayosainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, ili kesho likitokea la kutokea, kila mmoja ajue nini kilijulikana siku ya kuuziana. Mafundi wetu wanayo elimu hiyo; wanaojua kusoma na kuandika waandike, na wasiojua waandikiwe na vijana wao, kisha waweke dole gumba. Nao walipwe, kwani tumezoea kumwita fundi aje "kutupia jicho" kwa kikombe cha chai, halafu tukashangaa kwamba jicho lenyewe halikufika chini.

Vijana hawakuinunua ile mashua. Wamepata habari ya nyingine, ya mtondoo, isiyopakwa rangi tangu mwaka jana, na mwenyewe amekubali ipandishwe na ichomwe kisu mahali popote. Tumepanga kwenda siku ya pili baada ya mwezi kuandama, na fundi amekwisha kupewa nauli yake.

Msomaji wako,
Pangani, Tanga.